Kwaheri Bud Greenspan

Nimeipata habari leo asubuhi. Bud Greenspan, mtengeneza filamu wa Olimpiki, amefariki jana, siku ya Krismasi 2010, huko New York. Miaka 84.

Yule mzee wa miwani juu ya kipara, ndiye huyo.

Wengi watamkumbuka kwa filamu ya Los Angeles 1984, au kwa kumrudisha mkimbiaji wa Marekani Jesse Owens Berlin, kwenye uwanja uleule alioshinda Olimpiki ya 1936.

Sisi Watanzania tuna letu. Filamu zake ndizo zilizompeleka mkimbiaji wetu wa marathoni, John Stephen Akhwari, kwenye sebule za watu duniani kote.

Olimpiki ya Mexico City, 1968. Mamo Wolde wa Ethiopia ameshamaliza marathoni zaidi ya saa moja iliyopita, giza limeingia, watazamaji wengi wameondoka. Ndipo Akhwari anaingia uwanjani, goti limeumia, anachechemea.

Leo jioni tumeiangalia tena filamu hiyo pale kijiweni, tumebanana kwenye kompyuta moja. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye bendeji tu. Imelegea, inacheza mguuni kila anapokanyaga, naye wala haiangalii. Anasonga mbele.

Aliyekuwa wa mwisho! Nani mwingine angemtafuta mtu wa mwisho, amuulize kwa nini hakuacha? Akhwari alijibu kwamba nchi yake haikumtuma huko mbali aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Nimelia, jamani.

Pumzika kwa amani, mzee wetu.

Ninyi mliiona wapi mara ya kwanza? Na wazee mliokuwepo 1968, mlizipataje habari za Akhwari? Nisimulieni.