Namna nilivyojifunza kuiona radi kabla haijapiga

Mwanzoni nilikuwa narudia kosa lilelile. Nafungua picha ya setilaiti, macho yanakimbilia wingu kubwa na jeupe kuliko yote, na hapo ndipo natoa tahadhari. Kumbe wingu lile mara nyingi lilishamwaga mvua yake, limebaki utando wa barafu uliotandazwa na upepo. Dhoruba yenyewe ilikuwa inazaliwa pembeni, kwenye kijiwingu nilichokipuuza.

Nilibadilika nilipoanza kupima badala ya kutazama tu. Picha nilizotumia zilikuwa za Meteosat ya kizazi cha pili, setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya, iliyo kimo cha karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na huja kila baada ya dakika 15. Picha ya infraredi, yaani ya mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, huonyesha joto la kilele cha wingu: kadiri kilele kinavyopanda ndivyo kinavyozidi kuwa baridi. Basi nikachukua daftari, nikawa naandika nyuzi za Selsiasi za kila kilele, picha baada ya picha.

Alasiri moja nilikuwa na mawingu mawili. Kubwa lilikuwa nyuzi hasi 58, na halikubadilika kwa saa nzima. Dogo lilianza hasi 9, likaja hasi 21, kisha hasi 38. Joto la kilele likishuka nyuzi 8 au zaidi ndani ya dakika 15, hewa inapanda kwa nguvu mno. Nikatoa tahadhari kwa lile dogo, moyo ukinidunda. Haikutimia saa moja, mvua ya mawe ikaanguka.

Wingu likishakomaa, natafuta kinundu juu ya fuawe lake, yaani sehemu bapa ya juu iliyotandaa, pale hewa inapotoboa na kupita tropopozi, mpaka wa juu wa tabaka la chini la angahewa. Jua likiinama, kinundu hicho hutupa kivuli kwenye picha ya mwanga wa kawaida. Kivuli hicho nakiamini kuliko rangi zote ambazo programu inapaka.

Kuna jambo lililonitesa zaidi, nalo ni mahali. Setilaiti ikilitazama wingu kwa mshazari, kilele huonekana kimesogea mbali na ikweta, na kwa wingu refu lililo latitudo ya 45 hivi kosa hupita kilomita 10. Niliwahi kutahadharisha bonde ambalo halikupata hata tone, huku bonde jirani likifurika. Siku hizi nalirudisha kwanza wingu mahali pake kwenye ramani, ndipo nataja eneo.