Sainasi ya upande mmoja? Angalia na meno

Jamani sainasi (maambukizi kwenye yale mashimo ya hewa yaliyo kando ya pua) ilinitesa miezi minne, kila nikienda napewa amoksilini, natulia wiki moja halafu hiyoo inarudi. Kitu nilichokuwa nakipuuza ni kwamba ilikuwa upande mmoja tu, shavu la kushoto, na usaha una harufu ya kitu kilichooza, yani nikiinama kufunga kamba za viatu naisikia mwenyewe.

Bakteria waliozoeleka kwenye sainasi ni Streptococcus pneumoniae, Haemophilus influenzae na Moraxella catarrhalis. Sasa mizizi ya magego ya juu imekaa karibu mno na uwazi wa sainasi ya shavuni, saa nyingine imetenganishwa na utando mwembamba tu, kwa hiyo jino likioza mpaka kwenye mzizi wale bakteria wa kinywani wasiohitaji oksijeni, kina Prevotella na Fusobacterium, wanapanda juu, na ndo wanaoleta ile harufu. Na jino lenyewe linaweza lisiume kabisa! Langu halikuuma hata siku moja, siti skani ndo ilionyesha.

Kuna na Pseudomonas aeruginosa, huyu huwapata zaidi waliowahi kupasuliwa sainasi au wenye kinga iliyoshuka, na amoksilini haimfanyi kitu. Ndo maana ikigoma kupona nawasihi muombe usaha uoteshwe maabara ijulikane ni bakteria gani, kabla ya kubadilishiwa dawa kwa kubahatisha. Na jicho likianza kuvimba usingoje kesho, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mimi niling'olewa jino nikapewa na dawa, wiki ya pili harufu ikakata.