Mwalimu aliyekataza pedali

Pedali ya kinanda changu, ile ya kushikilia sauti, ilikufa wiki ya Pasaka, katikati ya wimbo wa komunyo. Nilipoikanyaga, noti zilikwama zikavuma kama mzinga wa nyuki, hadi padre akageuka kunitazama. Jumanne nikaipeleka kwa fundi karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Akaifungua kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akatoa mende aliyekauka zamani, kisha akasema, "Mwalimu, waya imeliwa hii. Acha mia tano, urudi Alhamisi." Nimesharudi Alhamisi tatu.

Basi wanafunzi wangu sita, ninaowafundisha sebuleni hapa Migosi, wamepiga muhula mzima bila pedali. Mama mmoja akanipigia simu: "Mwalimu, samahani kuuliza, kwani huyu mtoto anajifunza nusu piano?" Nilimjibu kwa upole, lakini swali lilinichoma. Usiku huo nikaingia mtandaoni nikitafuta mwalimu yeyote duniani aliyewahi kufundisha bila pedali kwa hiari yake, si kwa waya kuliwa. Ndivyo nilivyokutana na Leokadiya Kashperova.

Alizaliwa mwaka 1872 huko Lyubim, mji mdogo wa jimbo la Yaroslavl, akasoma St Petersburg chini ya Anton Rubinstein, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa Urusi wa karne ile. Akawa mpiga piano mwenye jina na mtunzi: sonata mbili za selo (fidla kubwa ya sauti nzito) na piano, utunzi wa piano na okestra, na mwaka 1905 simfonia nzima. Mwaka 1907 alikuwa akipiga Berlin, Leipzig na London. Kisha likaja la mwaka 1916: akaolewa na Sergei Andropov, mwanamapinduzi wa Bolshevik. Mapinduzi yalipofika waliondoka Petrograd (ndivyo St Petersburg ilivyoitwa wakati huo), wakapitia Rostov-on-Don, mwisho wakahamia Moscow. Huko aliendelea kutunga, ila kazi zake mpya hazikuchapishwa. Akafariki mwaka 1940.

Baada ya hapo, kwa miaka mingi, waliomsikia walimsikia kupitia mwanafunzi wake tu. Mwanafunzi mwenyewe ni Igor Stravinsky, mtunzi mashuhuri wa Urusi, na alichosema kumhusu si kizuri. Anakiri kwamba alikuwa mpiga piano bora, halafu papo hapo anamwita kichwa kigumu. Kwa mwalimu huyo, mtunzi Chopin alikuwa marufuku, mtunzi Wagner alikuwa hapendezi, na pedali haikuguswa: noti ikihitaji kudumu, uishikilie kwa kidole mpaka muda wake uishe, kama mpiga ogani. Stravinsky alikuwa mzee wa karibu miaka 80 alipoandika hayo. Miaka 60 imepita na bado anamnunia mwalimu wake! Hata hivyo anaongeza kwamba huenda ile ilikuwa dalili, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuja kuwa mtunzi wa pedali. Hapo nilicheka peke yangu. Mzee alikuwa anashukuru bila kutaka kuonekana anashukuru.

Mtafiti Graham Griffiths, aliyekuwa akimchunguza Stravinsky, ndiye aliyejiuliza huyu mama alikuwa nani hasa, akaanza kufukua nota zake. Tarehe 8 Machi 2018, Siku ya Wanawake Duniani, simfonia ile ikapigwa na okestra ya BBC na kurushwa redioni.

Mimi nilianza na sonata za selo, kwa spika ndogo ya simu, stima ikiwa imepotea na jirani akikaanga omena. Nilitarajia muziki mkavu wa mwalimu wa shule. Nikasikia mtu mwenye mengi ya kusema, piano isiyokubali kukaa nyuma ya selo hata kidogo. Niliirudia sehemu ya kwanza mara tatu, bando likaisha.

Sasa niseme kilichoninyima usingizi. Mimi pia nilikuwa na mwalimu wa namna hiyo, kule Luanda, Vihiga, kanisa la bati lenye kinanda cha kukanyaga. Kile hakina pedali ya kushikilia sauti. Miguu yako ina kazi ya kupuliza upepo tu. Ukiinua kidole mapema, rula inatua kwenye kifundo. Tulimwita Sajini. Kila ninapoulizwa nilijifunzia wapi, nasimulia ile rula watu wanacheka. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba Sajini alikuwa akitunga nyimbo za kwaya, sauti zote nne, kwa sol-fa (noti za herufi: d, r, m, f, s, l, t), kwenye daftari za kurasa 96. Yaani nimemfanyia vilevile Stravinsky alivyomfanyia Kashperova.

Nikampigia bintiye. "Mama, vile vitabu vyake vya sol-fa bado viko?"

"Viko kwa sanduku, mwanangu. Lakini panya nao wamevisoma."

Jumamosi nikapanda matatu. Daftari ni mbili, zimefungwa kwa uzi wa gunia. Nyimbo 14, mwandiko mdogo ulionyooka, mistari imepigwa kwa rula (ileile, nadhani). Pembeni ameandika majina ya waimbaji waliokuwa wakichelewa. Panya walianzia pembe ya chini kulia, na kwa kuwa besi ndiyo huandikwa chini, besi ndiyo imeliwa zaidi: nyimbo nne hazina mwisho wa sauti ya nne.

Nimeshanakili tisa. Wale sita wa sebuleni wanapiga wa kwanza, vidole vimeshikilia noti hadi vinatetemeka, na yule mama hajapiga simu tena.

Wa tano ndio unaonitesa. Sauti tatu za juu ziko sawa, besi inateremka vizuri hadi "s", halafu shimo lenye meno. Nimekaa nao na penseli tangu saa tatu usiku. Nimejaribu kuiangusha kwenye "d", inakaa lakini imelala. Nimejaribu "l", alto inalalamika. Yeye angechagua ya tatu ambayo sijaifikiria, kisha angenigonga kifundo kwa kukawia.