Kisoma alama kilichogoma kuamka

Nikiiwasha laptopu upya, kidole kilifungua papo hapo. Nikifunika na kuiacha ilale, nikirudi baada ya muda, kisoma alama za vidole kimekufa. Hata ule ujumbe wa kukataa alama haukutokea. Chaguo lenyewe la kidole lilikuwa limetoweka kwenye skrini, imebaki PIN peke yake.

Kila niliyemlalamikia alinilaumu mimi na vidole vyangu. "Nawa mikono, ndugu yangu, una mafuta." Ushauri wenyewe si wa kupuuzwa, kwa sababu visoma vingi vya laptopu hupima tofauti ndogo za chaji ya umeme kati ya matuta ya ngozi na mabonde yake, na jasho au maji huvuruga hesabu hiyo. Nikanawa, nikafuta na kile kibonyezo chenye kisoma kwa kitambaa laini kikavu. Wapi!

Basi nikafuta alama zangu zote ili nisajili upya. Windows ikanijibu kwamba haioni kisoma chochote. Jibu hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia: sasa kidole kimeondolewa lawama, maana hakuna wa kukisoma. Nikafungua orodha ya vifaa vya kompyuta. Bluetooth ipo, kamera ipo, kibodi ipo. Kundi la vifaa vya bayometriki, yaani vya kumtambua mtu kwa mwili wake, halipo kabisa. Nikaiwasha upya, kundi likarudi na kisoma ndani yake, kana kwamba hakijawahi kwenda popote.

Kumbe kisoma kile, japo kimejengwa ndani, kimeunganishwa kwa njia ya USB kama kifaa chochote cha kuchomeka, na Windows hukata umeme wa vifaa vya aina hiyo ili kutunza betri. Changu kilizimwa vizuri tu. Kuamka ndiko kulikokishinda.

Nikabofya jina lake kwa kitufe cha kulia, nikaingia kwenye sifa zake hadi kichupo cha umeme. Pale palikuwa na kisanduku kimoja chenye tiki, kinachoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho. Nikaitoa tiki. Nikafunika laptopu, nikaiacha hadi taa yake ikaanza kupumua polepole, nikafunua na kuweka kidole. Ikafunguka.

Sasisho lililofuata la draiva, ile programu inayokiendesha kisoma, likairudisha tiki ile bila kuniuliza. Nikaitoa tena.