Siku moja na ajenda inayodhani tuko mwaka 2004

Saa kumi na moja alfajiri

Juni hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ni mwezi wa koti juu ya sweta. Katuba, komuni yetu, bado giza, jogoo wa jirani amewika mara moja akaona afadhali arudi kulala. Kabla sijanawa uso, natoka na kifaa changu, nakiweka juu ya boneti ya pick-up, nainua antena yake inayofunguka kama kifuniko cha sahani ya sabuni, nakiacha hapo kiangalie mbingu. Ndani ya nyumba hakifai: bati linazuia kila kitu.

Ni kompyuta ya kiganjani, ya kizazi kile cha mwaka 2003, Garmin ilipotoa iQue 3600: ajenda (kalenda ya shughuli), kitabu cha anwani na GPS vyote katika ganda moja. Kalamu yake ya plastiki ilipotea zamani. Natumia kifuniko cha kalamu ya bik, na kioo kinakubali, maana kinachotaka ni kubonyezwa tu.

Nakunywa chai huku nakitazama. Kinahitaji setilaiti tatu ili kiseme uko wapi, na ya nne ili kijue na kimo chako. Ziko kilomita 20,200 juu yetu, na kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku. Nikikiwasha kila siku kinazipata upesi. Nikikiacha wiki kadhaa, lazima kisubiri orodha nzima ya setilaiti ishuke, na orodha hiyo huchukua dakika kumi na mbili na nusu. Huwezi kuiharakisha, hata ukikipiga kofi. Nimejaribu.

Leo zimeonekana tano. Nafungua ukurasa wa ajenda: Jumanne, 26 Oktoba 2004.

Usicheke. Siku ni kweli, Jumanne. Saa ni sahihi mpaka sekunde. Tarehe tu ndiyo iliyokipotea. Setilaiti hazitumi tarehe kama tunavyoiandika sisi. Zinatuma namba ya wiki, na namba hiyo inaanzia 0 na kuishia 1023, kisha inarudi mwanzo. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019 ilirudi mwanzo, na vifaa vya zamani ambavyo havikuandaliwa vikadhani wiki zote zile hazijapita. Changu kiliamka asubuhi hiyo kikaniambia ni 22 Agosti 1999. Jumapili ilibaki Jumapili kwa sababu kilipoteza wiki kamili, 1024, bila siku ya ziada. Nyuma yake nimebandika karatasi: ongeza miaka 19 na miezi saba na nusu. Leo ni 11 Juni 2024. Barabara hazina habari na mwaka, kwa hiyo tunaenda.

Saa kumi na mbili na nusu

Namchukua mteja wangu komuni ya Kenya, sehemu ya mji wetu, si nchi ile. Ni mama wa mahindi, mfanyabiashara, tunajuana miaka sita. Jina lake silitaji, wala kijiji tunachokwenda, asije akakuta wenzake wamemtangulia huko wiki ijayo.

"Papa, bado unatembea na kile kizee chako?"

"Bado, mama."

"Mtoto wangu ana simu inaonyesha mpaka paa la nyumba yetu."

Sibishani naye. Simu imeshinda kwa ramani, na ukipakua ramani kabla ya kuondoka, GPS ya simu haili mega (data) hata moja. Wengi bado wanadhani inakula. Mimi mwenyewe ninayo simu mfukoni. Lakini kizee hiki hakipigiwi simu, watoto hawakiombi wacheze, na mwizi wa sokoni akikiona ataniuliza kwanza ni kitu gani.

Alinipa mjiolojia niliyekuwa namwendesha, mwisho wa mwaka 2008, bei ya shaba ilipoanguka na kampuni nyingi za Katanga, eneo letu la migodi, zikasimamisha kazi. Alikuwa anafunga masanduku. Akasema, papa, chukua, huko kwetu nitanunua kingine. Kwao kifaa hiki kilikuwa kinaongea: geuka kulia, geuka kushoto. Kilipofika kwetu kikawa bubu, kwa sababu ramani iliyokuwa ndani yake ilijua Lubumbashi, Likasi, na mstari mmoja katikati. Kulia na kushoto kwa mstari huo, kweupe. Nyeupe hiyo ndiyo niliyoijaza mimi.

Saa moja na nusu

Njia ya Likasi. Malori ya katodi za shaba yanakuja, malori ya asidi yanakwenda, na sisi wadogo katikati. Peaji (ushuru wa barabara), risiti, mbele. Hapa kifaa hakina kazi, kinaonyesha mwendo tu, nami mwendo naujua kwa mlio wa injini.

Saa tatu kasoro

Tunaacha lami, na sasa ndipo kizee kinaanza kula mshahara wake.

Katika vifaa hivi, anwani ya mtu na mahali kwenye ramani vinafungwa pamoja. Unaandika jina, unaandika maneno yako chini, unafunga na pointi uliposimama. Siku nyingine ukilichagua jina hilo, mshale unakuelekeza kwake na kilomita zinapungua. Waliokitengeneza, nadhani, walifikiria mtu wa Ulaya anayekwenda kwenye mkutano. Mimi nimeweka haya, nayanakili kama yalivyo:

"Kichuguu cha mti mkavu. Kata kulia. (Mti ulianguka. Kichuguu bado.)"

"Daraja la magogo. Shuka kwanza, tazama gogo la kushoto."

"Shefu. Usipite bila kushuka. Sukari."

"Hapa hakuna maji Septemba."

Mgeni atauliza kichuguu ni alama gani. Anayeijua Katanga anajua: vyetu vinapita paa la nyumba, watu wanavichimba wanafyatua matofali, na kimoja kinaweza kuelekeza watu tangu wakati wa babu.

Kwa shefu tunashuka. Mama anachuchumaa, tunapiga makofi ya heshima polepole, kilo mbili za sukari zinabadilisha mikono. Shefu anauliza habari za mjini, bei ya meka (kopo la kupimia) ya unga imefika wapi. Mama anajibu nusu ya ukweli, maana yeye ndiye anayekuja kununua.

Saa nne na robo

Mahindi ya leo yako mahali papya. Ndugu ya mama aliyetangulia jana alituma pointi kwa ujumbe wa simu, namba tupu zenye nafasi katikati. Nikaziingiza jana usiku, nusu usingizi. Nyuzi nazificha. Penye dakika za kusini (za ramani, si za saa: nyuzi moja ina dakika sitini, na dakika ina sekunde sitini) aliandika 12 50.

Mshale unatupeleka vizuri. Kilomita mbili, moja, mita mia tatu, mia, ishirini. Kifaa kinalia: umefika. Tumefika kweli, katikati ya shamba la mihogo. Hakuna ghala wala ndugu, kuna muzee mmoja na mbuzi wanne.

"Jambo, muzee."

"Jambo sana. Mnatafuta nani?"

"Mahindi, muzee. Kitu hiki kinasema yako hapa."

Akakitazama vizuri, akanirudishia. "Basi kiambie kiyalete."

Mama alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Mimi nilikaa chini ya mti na kifuniko cha bik, nikatafuta kosa, na lilikuwa langu. Simu ya ndugu inaandika dakika na sekunde: dakika 12, sekunde 50. Kizee changu kimewekwa kwenye dakika zenye nukta, nami nikaandika 12.50. Lakini sekunde hamsini ni hamsini chini ya sitini, yaani 0.83. Ilipaswa kuwa 12.83. Dakika moja ya kusini ni kama mita 1,850, sasa wewe toa: nimekosea zaidi ya mita mia sita. Mjini mita mia sita ni kutembea mpaka kwa muuza mkate. Hapa katikati kuna kijito chenye matete, na gari halivuki.

Kosa hilo nilishalifanya, mwaka 2011, na mjiolojia mwingine. Nikaapa. Kiapo cha usiku na cha mchana havifanani.

Muzee akapanda mbele, mbuzi akamwachia mjukuu, akatuzungusha kwa njia ya baiskeli mpaka ng'ambo. Robo saa. Ndugu ya mama alikuwa amekaa juu ya mifuko, amekunja uso.

Saa sita

Kupima, kubishana, kupima tena. Mfuko mmoja mama ameufungua mpaka chini kwa sababu juu mahindi yalikuwa mazuri mno. Alikuwa na haki: chini kulikuwa na yenye wadudu. Hapo mimi sina neno. Tumekula bukari (ugali) na sombe (kisamvu), wakatuletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye kopo. Mifuko kumi imepanda, na nyuma ya gari imekaa chini kama kuku wa mayai.

Kabla ya kuondoka nasimama mlangoni mwa ghala, nasubiri namba zitulie, nafunga pointi. Safari hii nimesimama hapo kwa miguu yangu, sikutumiwa na mtu.

Saa tisa

Njia ya kurudi. Mtikisiko umechomoa waya wa chaja kwenye tundu la sigara, sikuona. Betri yake siku hizi inadumu dakika ishirini, ikitaka. Kioo kikafifia. Nikasimama katikati ya njia, nikarudisha waya kwa haraka ambayo mama hakuielewa.

"Si kitazima tu, papa? Utakiwasha tena."

Hapana. Kumbukumbu ya ajenda hizi inaishi kwa betri; betri ikikauka kabisa, kila kitu kinafutika, kinaamka kama mtoto aliyezaliwa leo. Mwaka 2015 gari liliharibika, nami nikaugua, kizee kikakaa mwezi mzima kwenye droo. Nilipokitoa, pointi 112 zilikuwa zimekwenda. Miaka saba ya visima, madaraja, majina ya watu. Kulikuwa na sehemu ya kadi ya kumbukumbu ubavuni, na kadi ilikuwamo, tupu. Hakuna aliyeniambia kwamba lazima nihifadhi mwenyewe, na mimi sikuuliza. Nilirudia vijiji kimoja kimoja. Wengine niliowaandika walikuwa wameshakufa, na nyumba zao sikuzipata tena.

Tangu hapo kuna kaye. Daftari la shule, mistari ya bluu, jalada limeshikwa na gundi.

Saa kumi na mbili kasoro robo

Jua linazama tukishusha mifuko komuni ya Kenya. Mama ananilipa, anakata kidogo "kwa sababu ya mihogo". Tunabishana, anarudisha nusu. Haki yake na haki yangu.

Saa mbili usiku

Katuba, hakuna kura, yaani umeme. Mtaa mzima umezima tangu jioni, kwa hiyo kizee nimekiacha ndani ya gari kinanyonya betri kubwa. Mke wangu ananishikia tochi, mimi nanakili kwenye kaye. Mwanangu anaona tarehe ninayoandika, anaona na ile ya kwenye kioo, anauliza ipi ndiyo ya kweli. Namwambia hii ya mkono.

Naandika: "11 Juni 2024. Mama wa mahindi, mifuko 10. Dakika 12.83, si 12.50. Ghala ng'ambo ya kijito, njia ya baiskeli inaanzia kwenye mihogo. Muzee wa mbuzi wanne: mpelekee tumbaku."

"Umemaliza?" mke wangu anauliza. "Betri za tochi tunanunua."

Bado mstari mmoja. Sikumwuliza muzee jina lake, naacha nafasi.