Namba Isiyokuwamo Daftarini

Dizeli ilikwisha kushushwa usiku wa manane, na hesabu zikagoma kuafikiana. Kwa vipimo vya meli shehena yote ilikuwa imetoka. Tangi la nchi kavu likaonyesha pungufu, tena kupita kiwango kinachoruhusiwa na mkataba.

"Bwana mkaguzi, andika kwamba meli imebakiza mafuta, twende tukalale," akasema msimamizi wa ghala. Afisa wa kwanza wa meli naye alishikilia kuwa tangi ndilo bovu. Malipo yangu yalitoka nusu kwa muuzaji, nusu kwa mnunuzi, kwa hiyo sikuwa na wa kumpendelea.

Nilianza na joto, maana dizeli hutanuka: nyuzi moja tu ya Selsiasi huongeza takriban lita 8 katika kila lita 10,000, ndiyo sababu ujazo hurejeshwa kwenye nyuzi 15 kabla ya kulinganishwa. Nikapima juu, katikati na chini ya tangi. Joto halikuwa na neno. Nikapaka dawa ya kutambua maji kwenye risasi, ule uzito wa ncha ya utepe wa kupimia, nikaishusha hadi chini; dawa haikubadilika rangi, hapakuwa na maji. Nikapanda tena melini, nikachungulia matangi yote: makavu.

Zikabaki lakiri, vile vifungo vya waya vyenye namba vinavyoonyesha kama vali imeguswa. Kabla pampu hazijawashwa nilikuwa nimeifunga kila vali ya pembeni kwa lakiri na kuandika namba yake daftarini, halafu pande zote zikatia sahihi. Nikazipitia moja moja kwa tochi. Kwenye vali ya kuelekea tangi la jirani lakiri ilikuwepo, rangi ileile, imekazwa barabara. Lakini waya wake uling'aa, ilhali zote nilizofunga jioni zilikuwa zimechafuka kwa grisi ya mikono yangu. Namba yake haikuwamo daftarini.

"Labda uliandika vibaya," akasema msimamizi.

Nikamwonyesha sahihi yake mwenyewe chini ya orodha.

Tangi la jirani nilikuwa nimelipima mapema, ingawa halikuhusika (wenye ghala hununa sana ukifanya hivyo). Nilipolipima tena, mafuta yalikuwa yamepanda, na kiasi kilichoongezeka kilikaribia kabisa ule upungufu.

Sikumwita mtu mwizi. Hiyo si kazi ya mkaguzi. Niliandika barua ya pingamizi: namba zote mbili, vipimo vya tangi la jirani, saa. Msimamizi aliisoma mara mbili, akatia sahihi, na pembeni akaongeza kwa herufi kubwa: NIMEPOKEA TU, SIKUBALI.