Taharizi za kaftani

Jumapili, usiku

Leo nimemaliza duara la kumi na mbili. Yamebaki sita, na kidole cha shahada kimechomwachomwa hata kukamulia ndimu siwezi.

Kaftani hii ni ya mtindo wa Waturuki wa karne ya 16, zama za Sultan Süleyman. Pambo lake huitwa çintamani: maduara matatu, moja juu na mawili chini, na jirani yake mistari miwili inayopinda kama mawimbi. Wengi huyaona maduara kuwa madoa ya chui na mawimbi kuwa milia ya chui milia, alama za nguvu. Ndani ya kila duara mna duara dogo lililosogea ukingoni, kinachobaki kikawa mwezi mwandamo. Mafundi wa Bursa na Istanbul walikuwa wakifuma mapambo ya namna hii ndani ya hariri yenyewe, pamoja na nyuzi za dhahabu. Mimi mtande wa kufumia sina. Nabandika atlasi ya manjano juu ya nyekundu, kwa sindano ya mkono.

Na atlasi inafumuka! Wiki iliyopita nilikata maduara manne bila kuacha nafasi ya kukunja, yakaniishia mkononi nyuzi kwa nyuzi. Sasa nakata boksi gumu kwa kipimo kamili cha duara, nazungushia kitambaa uzi wa bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, navuta mpaka kilikumbatie boksi, napiga pasi ya moto mdogo, kisha natoa boksi. Ukingo unatoka mviringo, hauna kona hata moja. Ndipo nashona, kila mshono mdogo kama punje ya mtama.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mkato. Nilipotandaza vipande sakafuni niliziona badani, mbele na nyuma, na taharizi za ubavuni zinazopanuka kwenda chini ili mtu apate kupiga hatua. Majina hayo ni ya mjomba wangu, aliyekuwa akishona kanzu barazani nami nikimtungia uzi. Mikono yangu iliijua nguo hii kabla sijaianza. “Usiivute, mama,” alikuwa akiniambia, “ilaze, itafuata yenyewe.” Leo nimejisemea hivyo kila duara.

Sultani alipofariki, nguo zake zilifungwa furushi, zikatiwa alama na kuwekwa katika kasri la masultani la Topkapı, Istanbul. Ndiyo maana leo tunaweza kuzitazama hata ndani, na ndani ndiko ninakokupenda: pindo lina kipande kipana cha hariri ya rangi nyingine kabisa, kisichoonekana mpaka mvaaji anyanyue mguu kupanda ngazi.

Hicho nimekinunua cha kijani, hariri halisi. Kwa nje nilikubali atlasi ya dukani. Kwa hapo, hapana. Kesho nakipiga bandi.